Ibara ya Kumi na Tisa

Waliniita kwa siku nne, posho ya kutwa na chai,
niisafishe lugha ya sheria ndogo za Tanga,
zilizoandikwa kabla mji haujawa jiji.
"Usiguse maana," alisema mwanasheria Semhando.
"Gusa maneno tu."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Chumba cha ghorofani. Feni ya mezani inatikisa kichwa,
inakataa kila pendekezo.
Tulikuwa watano: Semhando na miwani yake miwili,
Diwani Bi Mwanakombo wa Makorora,
Mbelwa wa Mapato, Salha Mgaza mpiga chapa,
na mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
mwenye kalamu nyekundu na deni dukani.

Ibara ya saba: *Mtu yeyote atakayeonekana akitangatanga
bila sababu ya kuridhisha, atakuwa ametenda kosa.*
Kumridhisha nani? nikauliza.
"Na jiji lenyewe," akadakia Bi Mwanakombo,
"hamlisikii jina lake? Limetanga tangu kuzaliwa.
Tulipandishe kizimbani?"
Tukaifuta.
Mbelwa akahesabu kwa vidole
faini zilizokwenda na ufutio.

Ya kumi na moja ilisema *wenyeji na wageni*.
Hapo kalamu ikawa nzito.
Babu yangu alishushwa stesheni hii akiwa manamba,
kipande mfukoni, jina limeandikwa vibaya,
akakata mkonge hadi vidole vikasahau kukunjuka.
Amelala Duga, chini ya udongo wa hapa hapa.
Mgeni mpaka lini?
Sikuyasema hayo. Niliandika pembeni: *wakazi*.
Semhando akaongeza a, *wakaazi*.
Nikaitoa. Akairudisha.
Tuliigombania a ile nusu saa nzima,
na mgeni akapita mlangoni bila kuulizwa.

Kisha kumi na tisa.
*Halmashauri inaweza kutoa maji safi kwa kila mtaa.*
"Inaweza!" Bi Mwanakombo akasukuma kikombe.
"Hata mimi naweza kuruka, ila sijaruka.
Andikeni *itatoa*."
"*Itatoa* ni ahadi," alisema Semhando,
"na ahadi hushitakiwa."
Mbelwa akasema bajeti. Akasema tena bajeti.
Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa.
Mwisho tukakutana katikati,
mahali ambapo maneno huenda kufia:
*itajitahidi kutoa*.
Bi Mwanakombo akafunga mkoba wake asiseme kitu.
Zipu ikamsemea.

Siku ya nne, nakala safi,
kurasa sitini na mbili, zina joto bado la mashine.
Wenzangu wamekwenda kula. Kazi yangu kuwinda makosa,
nami niliyakamata:
soko kuu limekuwa soka kuu,
mbwa wasio na chanjo wamekuwa wasio na chango,
koma mbili zimelaliana kama mapacha.

Halafu hii:
*Halmashauri itatoa maji safi kwa kila mtaa.*

Nikarudia. Kidole cha Salha
kilikuwa kimeruka kutoka *ita* hadi *toa*,
na neno zima la katikati limeanguka shimoni.
Nikamtazama. Alikuwa anamenya chungwa la Muheza,
ganda linashuka utepe mmoja, halikatiki.
Hakuinua macho.

"Unakaa wapi, Salha?"
"Mwang'ombe," akasema. "Kule bomba linakoishia."

Miaka thelathini na mmoja nimesahihisha insha,
sijawahi kuruka kosa, hata la mwanangu.
Lakini tazama sentensi hii:
kiima kipo, kitenzi kipo, shamirisho ipo,
upatanisho hauna kasoro.
Kisarufi, imepona.

Nikachovya kipande cha chungwa alichonipa katika chumvi,
nikafuta kidole kwenye suruali,
nikaandika chini ya ukurasa wa mwisho, kwa mkono wangu:
*Nimepitia yote. Lugha ni sahihi.*